Sekunde Nne za Mabega

Shemsa mwanangu,

Sisi tuliofunzwa kuandika barua kwa kalamu tulianzia wote mahali pamoja: mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Uko Musaga kwa bibi yako, unaaga, na kabla ya magharibi utakuwa umerudi na moshi wa jiko lake kwenye nguo ulizokwisha kuzifua kwa ajili ya safari. Na mimi si mzima sana. Basi salamu hiyo tuiache. Nina uongo mmoja wa kunitosha, sihitaji kuongeza mwingine.

Sitakuambia uchukue sweta. Shangazi yako ameshasema Nairobi kuna baridi, amesema hadi nimeanza kuisikia hiyo baridi hapa mtaani Asiatique, saa nane mchana, umeme umekwenda na feni imesimama. Wala sitakuambia uswali. Unaswali kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema jana hapa mlangoni mwa studio, umeinama unavaa viatu, hata hukunitazama.

"Papa, usisahau kuniwekea mama mu diski."

Nikajibu, "Sawa." Ni mwaka wa nne huu najibu sawa.

Mtu mwingine angesikia maneno hayo angetutafutia shehe wa kutusomea. Sisi tunaelewana. Mama aliyekuzaa tulimzika ukiwa na miaka minane. Mama unayemtaka ndani ya diski ni yule niliyemtengeneza kwa kompyuta, yule anayekaa kwenye kiti cha kamba, anapepesa macho, anageuka, anatabasamu. Kwa ajili yake uliacha habari za kusomea kuuza dawa ukavuta kiti ukakaa kando yangu. Wewe ndiye uliyempa nywele, unywele kwa unywele, hadi mashine ikawa inahema kama ng'ombe mgonjwa. Na ni yeye uliyewatumia wale wa Nairobi wanaotengeneza watu wa kompyuta, wakakuita kazini, ndege kesho asubuhi.

Basi nilitamke kabla sijaanza kuzunguka, maana wewe unajua ninavyozunguka: tabasamu lile si la mama yako. Ni la nani, nitafika.

Kabla ya kompyuta nilikuwa mtu wa picha za pasipoti. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuwazuia watu wasicheke. Pasipoti haitaki meno, kitambulisho hakitaki meno, na mtu wetu akiwekwa mbele ya pazia jeupe ama anaogopa ama anacheka, katikati hana. "Kaza uso," nilikuwa nasema. Nimesema hivyo mara nyingi hadi wenye maduka ya hapa wakanipa jina, na wengine jina langu la haki hawalijui mpaka leo. Mimi ni Mzee Kaza Uso. Hata wakwe zangu huko Musaga walilisikia.

Mama yako alikuwa akiniletea chakula cha mchana, maharage na ndizi ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Alikuwa akikaa kwenye benchi la wateja kunisubiri nimalize. Hapo shida ikaanza. Mteja amenyoosha shingo kama anasomewa hukumu, na Adija pale benchini anamtazama, anaanza. Hasemi kitu. Anacheka tu, na yule mteja akimwona naye anapasuka, na picha imeharibika. Siku moja alikuwepo bwana mmoja mkubwa wa ofisi, mwenye haraka, naye akashindwa kujizuia mara tatu. Nikaona aibu. Nikamgeukia mama yako mbele ya watu wote nikamwambia, "Adija, toka. Unaniharibia watu."

Akatoka. Hakununa, mama yako hakujua kununa. Lakini tangu siku ile bakuli nililikuta mlangoni, limefungwa vizuri, na yeye ameshaondoka.

Miaka kumi na mmoja ya ndoa nilikuwa na kamera shingoni, na sikumpiga picha hata moja akicheka. Alipotaka picha alikaa mbele ya pazia lilelile nikamwambia neno lilelile. Mtu anafikiri ana muda. Anafikiri kicheko ni kitu cha nyumbani, kipo tu, kama mtungi wa maji.

Kompyuta nilijifunza baada yake, peke yangu, kwa video za vijana wanaozungumza Kiingereza kama watu wanaofukuzwa. Maneno yalinipita. Nilitazama mshale wao unakwenda wapi, nikaupeleka wangu hukohuko. Kazi ya kwanza unaijua, ila nilikusimulia nusu. Shirika moja lilitaka muuguzi wa kompyuta awaonyeshe watu namna ya kunywa dawa. Nikamchukua mwanamke aliyekuja tayari ndani ya programu, nikampaka rangi yetu, akatoka kama majivu yaliyomwagiwa mafuta. Nikamvalisha koti jeupe nikaona amependeza. Tukampeleka milimani, tukamwonyesha kwenye ukuta wa shule. Muuguzi wangu akamkazia macho mgonjwa wake wa kompyuta, mzee wa watu, bila kupepesa, kisha akamkabidhi kikombe kwa mkono wa kushoto, huo mmoja tu, ule wa kulia unaning'inia kama umevunjika. Mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa upole sana, "Huyu dada, wazazi wake walikufa mapema?"

Nusu niliyokuficha ni kwamba watu walipoangua kicheko sikucheka nao. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalirudia swali lake. Yule mzee alikuwa amenifundisha kile ambacho wale vijana wa video hawakukijua: mtu hajengwi kwa ngozi. Anajengwa kwa yale aliyokatazwa akiwa mdogo. Macho yanayoshuka mbele ya mkubwa, mkono wa kushoto unaokuja kuushika wa kulia wakati wa kupokea. Nikaanza kuwa mwanafunzi wa foleni. Foleni ya mafuta, foleni ya sukari, mji huu haujaninyima darasa. Nikaona kwamba mtu anavuta pumzi kabla ya kudanganya. Nikaona kwamba jicho lina mstari mwembamba wa maji juu ya kope la chini, na ukiusahau huo mstari umetengeneza maiti. Nikaona kwamba midomo ya programu ilifunzwa lugha nyingine, ikifika kwenye "mb" inapita bila kufunga, na mtu wako anasema "wa" mahali pa "mbwa".

Nikajiona fundi. Ndipo nikamgusa mama yako.

Nilikuwa na picha zake kumi na tisa, zote kakaza uso. Nikasema haidhuru, kuna video ya harusi. Rafiki yangu aliirekodi tangu adhuhuri mpaka jioni, hakupumzika ila kula. Nikaifungua. Shemsa, umeshahudhuria harusi zetu, unajua. Bibi harusi hacheki. Akicheka watasema amefurahi kuwakimbia wazazi wake. Anainamisha uso, anashusha ushungi, na kadiri anavyohuzunika ndivyo mama yake anavyosifiwa kwa kulea. Adija alilelewa vizuri. Nina saa tatu za paji lake la uso.

Basi nikajenga uso kutoka zile picha: pua, mashavu, ile alama ya tetekuwanga. Vilikubali. Ulipofika wakati wa kuutikisa uso, pakawa patupu. Programu inahitaji mtu hai akae mbele ya kamera, misuli yake ichukuliwe, apewe yule asiyekuwepo. Mwenye akili angemwita mama yako mdogo, ndugu wa damu wa Adija. Mimi nikaona haya kumwambia mwanamke, njoo ucheke badala ya marehemu dada yako. Nikajiambia nimeishi na uso huo miaka kumi na mmoja, nani anaujua kunizidi?

Nikafunga mlango siku ya Ijumaa. Nikavaa kasiki ya taxi-moto, ile kofia ngumu ya wenye pikipiki, nikafunga simu mbele yake kwa waya wa kutundikia nguo, ikawa inanitazama usoni. Alama za kufuata misuli nilijitia kwa wanja wa Adija, ulikuwa umekauka, nikaulainisha kwa mafuta ya nazi. Mlango haukufungwa vizuri. Jirani yetu muuza vitambaa akachungulia.

"Mzee Kaza Uso, sasa unaenda wapi na kasiki ndani ya nyumba?"

"Kwa mke wangu," nikamwambia.

Akaurudisha mlango polepole. Tangu siku ile ananisalimu kwa adabu ya kutisha.

Nikatabasamu. Sijui mara ngapi. Kila nilipojaribu kutabasamu kama Adija nilitabasamu kama mimi: pembe ya kushoto ya mdomo inaanza, ya kulia inafuata kwa kuchelewa kama mtumishi wa serikali. Mwishowe nikachoka nikasema inatosha, nitarekebisha. Sikurekebisha. Wewe uliingia.

Ulikuwa na miaka kumi na sita, mfuko wa shule bado uko mgongoni. Ukasimama nyuma yangu, kisha ukanyoosha mkono ukaugusa uso ule kwenye kioo cha kompyuta kwa vidole viwili.

"Ni yeye," ukasema. "Papa, ni yeye kabisa. Mi nilikuwa nimeanza kumusahau."

Kasiki ilikuwa pale mezani kati yetu. Ningeweza kuionyesha kwa kidole. Nikasema, "Sawa," kama mtu anayepokea chenji. Sitafuti huruma, nakuambia tu jinsi ilivyotokea, maana uongo mkubwa hauji na ngoma. Unakuja mtoto amefurahi na wewe umechoka.

Mwaka jana nikajivuna zaidi, nikampelekea bibi yako. Nikaiweka kompyuta juu ya kigoda, nikarudi nyuma nikakaa mbali kama mkwe anavyotakiwa kukaa. Akamtazama mtoto wake akigeuka, akipepesa, akitabasamu. Akatazama mpaka mwisho na mara ya pili. Kisha akachukua ncha ya kitenge chake akafunika kioo.

"Mukwe," akasema, "huyu ni we. Umevaa mutoto wangu."

Nilikosa pa kutazama. Nikamuuliza kama mwanafunzi aliyefeli, basi mama, yeye alikuwa akicheka vipi? Akafikiri, akasema Adija alicheka kama mutu anacheka. Nikaanza kukunja nyaya zangu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Alikuwa anachekea mabega. Uso ulikuwa unakuja nyuma." Halafu, "Utamuambia Shemsa?"

Nikasema nitamwambia.

"Mi sitamuambia. Mwenye alimudanganya apana mi."

Kila Idi ananiuliza kwa macho. Leo unapoagana naye hatasema kitu, nina hakika, na kunyamaza kwake ndiko kumenikalisha hapa na kalamu.

Mabega. Nikarudi kwenye video ya harusi, na safari hii sikuutafuta uso. Saa ya pili ya video, wazee wanatoa nasaha, mmoja, namkumbuka, anaeleza subira na hana haraka ya kuimaliza. Mimi bwana harusi nainama kidogo, namnong'oneza Adija kitu sikioni. Kisha mabega yake yanaanza kwenda. Juu chini, juu chini, sekunde nne, kichwa kimeinama palepale. Mwanamke aliyekaa pembeni anamwonea huruma, anampa kitambaa afute machozi. Anakipokea kwa mikono miwili. Hata hapo malezi yapo. Na anacheka, Shemsa. Mbele ya wazee wote wale, chini ya ushungi, anacheka mpaka anashikilia goti.

Sehemu hiyo nilikuwa nimeipitia mara mia. Kila mara niliyakata mabega nibaki na uso.

Na sijui nilimwambia nini. Nimekaa na sekunde hizo nne mwaka mzima, nimeitazama midomo yangu mwenyewe, mimi ninayejua midomo, na sikisomi. Mtu alisema neno moja la maana maishani mwake na halikumbuki.

Nikajaribu kumpa sanamu yetu mabega hayo. Unakumbuka wiki ile uliniuliza kwa nini mama anatetemeka nikasema ni kosa la programu? Yalipokwenda haraka akawa na kwikwi. Nikayapunguza akawa analia. Nikayapunguza tena akawa mtu wa malaria. Chini ya mabega yale kulikuwa na kitu kilichomchekesha, na hicho mimi sina. Nikayaondoa nikamrudishia tabasamu langu, likamkaa vizuri sana. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Pengine ningenyamaza hata hivyo. Lakini mwezi uliopita ulihitaji picha ya pasipoti. Ukakaa mbele ya pazia, nikasema kaza uso, ukakaza. Halafu kitu kikakutoka. Pembe ya kushoto ikaanza, ya kulia ikafuata kwa kuchelewa.

"Umeona, Papa? Kicheko cha mama. Siku hizi kinanitoka chenyewe."

Nilijifanya narekebisha taa.

Utasema mtoto kufanana na baba si msiba. Ni kweli, na labda ulizaliwa nacho. Lakini nimekuona mara nyingi mbele ya kile kioo, unamsimamisha yule mama katikati ya tabasamu, unalipeleka mbele na nyuma, unalijaribu usoni mwako. Ulikuwa unasoma kwake, na kule ndani nilikuwa mimi. Kama kicheko cha Adija kilikuwa kimebaki mahali popote duniani, kilikuwa kimebaki kwako, na mimi nimekipaka rangi juu. Nilimfukuza mama yako kwa kuniharibia watu. Tazama sasa nani ameharibu.

Kuna baya zaidi, nalo nililiandika juu ya karatasi nyingine nikaichana. Simkumbuki tena. Nikifumba macho namwita Adija, anakuja yule wa kiti cha kamba. Mwanga unamwangukia pale nilipouweka. Namwambia geuka, anageuka kwa zile hatua nilizopanga. Kabla sijamtengeneza nilikuwa naye, hafifu, ana mapengo, lakini alikuwa akija kwa wakati wake na kufanya asichoambiwa. Nikayaziba mapengo. Ningejua kwamba alikuwa anapumulia humo, ningeyaacha.

Huko uendako watakuletea picha za watu na kusema warudishe. Wewe ni fundi kunipita. Ile ngozi na zile nywele ni kazi yako na hakuna aliyekupa bure. Ukiwaeleza wakubwa wako kwamba wameajiri mtu kwa tabasamu la mzee wa Asiatique, ama ukinyamaza, sijui lipi ni jema. Ningejua lililo jema nisingekuwa na barua ya kuandika. Ninalojua ni dogo: kabla hujamgusa mtu, uliza ni nani atakayevaa kasiki. Na mwenye marehemu akisema "ni yeye kabisa," usikubali haraka. Kaa naye. Muulize alikuwa akikatazwa nini, na alipokatazwa alifanya nini chini ya ushungi.

Diski iko ndani ya bahasha hii. Yule mama hayumo. Nilitaka kumfuta kabisa, nikaweka kidole mahali pa kufutia, nikakiondoa. Bila yeye sina hata huyo wa uongo wa kumwona nikifumba macho. Basi nabaki naye hapa, mimi na mimi, tunatabasamiana. Ndani ya diski kuna sekunde nne za mabega. Hakuna sauti, rafiki yangu kamera yake ilikuwa na kasoro siku ile. Usimwonyeshe mtu wa kazini, asije akataka kuzitengeneza.

Na usinitumie unachokumbuka cha mama yako, kama bado kipo. Kiache huko kwako. Kikifika kwangu nitakitia mikono.

Nasikia lango la ua wa nyuma, umerudi mapema. Bahasha nitaitia kwenye mfuko wako wa nje, uisome ukiwa juu, mahali ambapo huwezi kushuka na kunirudia.

Kesho mlangoni wataniambia nikupige picha, shangazi yako ameshasema. Sitakuambia ukaze uso. Ila nakuomba, mwanangu, usinitabasamie. Inamisha uso kama bibi harusi. Nitakunong'oneza kitu, chochote kitakachonijia, na pengine hakitakuwa kile cha harusini.

Nitatazama mabega.

Babako,
Kaza Uso